Risala ya Wanafunzi wa Shahada ya Uzamili ya Uchumi wa Maendeleo ya Kimataifa kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Idara,
Wahadhiri wetu,
Wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe kwa kukubali mwaliko wetu katika kipindi hiki cha bajeti, ambacho tunajua hakikupi nafasi ya kupumua.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwaka wa kwanza sote tunasoma maikro (uchumi wa mtu na kampuni), makro (uchumi wa nchi nzima) na ekonometria (kupima uchumi kwa takwimu). Hatuna neno na hilo. Bila hizo hakuna mchumi. Lakini mtu anapotoka hapa kwenda wizarani, benki, kwenye mashirika au halmashauri ya wilaya, kinachomtofautisha na mwenzake ni kozi za hiari alizosoma mwaka wa pili. Huko ndiko mmoja anakuwa mtu wa kodi, mwingine wa kilimo, mwingine wa biashara ya mipakani. Kwa hiyo tumeona risala yetu yote iwe juu ya kozi hizo.

Tuanze na lililotufurahisha. Katika kozi ya uchumi wa kaya tulifanyia kazi data za utafiti wa kaya za mkoa wa Kagera. Utafiti huo ulianza mwaka 1991 kwa kuhoji kaya 915, wakati UKIMWI umeuelemea mkoa ule. Watafiti walirudi 2004, wakarudi tena 2010, wakiwatafuta watu walewale hadi mikoa ya mbali na hata Uganda. Mstari mmoja wa jedwali ni kaya moja: watu waliomo, ukubwa wa shamba, mifugo, mtoto aliyefiwa na wazazi. Mwenzetu mwenyeji wa Bukoba ndiye aliyetueleza kuwa kibanja ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na kwa nini mtu hakiuzi kama kiwanja cha mjini. Bila yeye tungesoma namba tu.

Tulikuta kwamba kati ya 1991 na 2004, matumizi ya waliohama kijijini yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya yale ya ndugu zao waliobaki. Je, serikali imsaidie kijana kuondoka, au imwekee umeme na barabara pale alipo? Mlinzi alipokuja kufunga darasa tulikuwa bado tunabishana. Tunatamani kila kozi ituache hivyo.

Ndugu Mgeni Rasmi, hali haiko hivyo kote. Uchumi wa afya umo kwenye orodha ya kozi, lakini tangu tuanze haujafundishwa. Uchumi wa mazingira ulifutwa muhula ukiwa umeshaanza, kwa kuwa waliojiandikisha hawakufikia idadi inayotakiwa. Mwenzetu aliyekuwa ameandaa andiko la tasnifu kuhusu uvunaji wa mikoko katika delta ya Rufiji akajikuta darasa la fedha za makampuni. Ni kozi nzuri, ila haikuwa yake. Wahadhiri wetu hatuwalaumu hata kidogo. Ni wachache, na wanabeba vipindi vya shahada ya kwanza pamoja na kusimamia tasnifu zetu.

Tatizo hili si geni Afrika, na dawa yake ilishaonekana. Mwaka 1993 taasisi ya utafiti wa uchumi Afrika, AERC (African Economic Research Consortium), yenye makao yake Nairobi, ilianzisha programu ya pamoja ya uzamili wa uchumi. Mwanafunzi alisoma kozi za lazima chuoni kwake, kisha wa vyuo mbalimbali wakakutana Nairobi kusoma kozi za hiari kwa miezi michache. Kozi ambayo chuo kimoja kisingepata wanafunzi wala mwalimu wa kutosha, ikapata darasa lililojaa. Tunaamini hata sisi, kwa intaneti tuliyonayo, tunaweza kuunganisha madarasa na vyuo vya jirani bila kumpandisha mtu basi.

Tunakuomba basi, Ndugu Mgeni Rasmi, utusemee mahali unaposikilizwa, ili vyuo vyetu vitambuliane alama za kozi za hiari. Kikwazo kikubwa tunachokiona ni hicho, wala hakihitaji fedha nyingi. La pili linakuhusu wewe binafsi. Umetumia miaka mingi kwenye sera za kodi. Tunakuomba uje utufundishe, hata jioni mbili kwa mwezi, jinsi kodi inavyokadiriwa kwa mfanyabiashara asiyetunza vitabu vya hesabu. Nadharia yake tumeisoma. Tunataka kumsikia aliyeifanya kazi hiyo. Tungependa na wachumi wa ofisi yako waje na data halisi, majina ya walipakodi yakiwa yameondolewa.

Kuhusu viti na projekta, Mkuu wa Idara ameshatuahidi, nasi tunamwamini.

Kwa heshima na taadhima, tunakukaribisha utupe nasaha zako, na kama jibu la ombi la pili unalo leo, tutalipokea kwa furaha.

Asante kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Shahada ya Uzamili, Mwaka wa Pili