Kwa nini lipu ya saruji hubambuka kwenye nyumba ya mawe

Fundi aliyekulia kwenye matofali na saruji anapenda ukuta mgumu. Mapenzi hayo hayo ndiyo yanayoziponza nyumba za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar. Ukuta wake mnene, wa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, haukukusudiwa kuwa mgumu. Ulijengwa unywe maji kidogo wakati wa masika, kisha uyatoe jua likiwaka.

Ukiufunika kwa lipu ya saruji, na juu yake rangi ya mafuta, maji hukosa pa kutokea. Hupanda juu zaidi, yakibeba chumvi. Chumvi ikiganda nyuma ya rangi hufura, rangi ikatoka malengelenge, na baada ya misimu michache lipu nzima inalia kama debe tupu ukiigonga. Wengi hapo huita fundi aibandue na kupiga saruji nyingine, safari hii nzito zaidi. Ndipo ukuta unapoanza kutoa tumbo, kwa kuwa udongo wa ndani umerudi kuwa tope.

Kwa hiyo sisi mafundi tunaokarabati nyumba hizi tunaanza kwa kutafuta maji yanakotoka: gata lililoziba, bomba la choo cha ghorofani, au uchochoro uliomwagwa zege tabaka juu ya tabaka hadi ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Tunakagua pia boriti. Mti wa mkoko hudumu sana ukiwa mkavu, ila kichwa chake kilichozama kwenye ukuta wenye maji huoza bila kuonekana. Tunakichoma kwa bisibisi; ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, dari hiyo inawekewa miti ya kuitegemeza kabla hatujagusa kitu kingine.

Lipu tunaivua kwa nyundo na tindo, mpaka kama mita moja juu ya alama ya unyevu. Mashine ya kuvunjia zege hatuitumii, maana mtikisiko wake hulegeza mawe. Chumvi inafagiliwa kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji inarudi ndani. Kisha ukuta unaachwa wazi ukauke, na hapa ndipo wateja hutununia: wiki mbili hazitoshi. Ukuta wa nusu mita unataka miezi kadhaa.

Chokaa tunayotumia imezimwa kwa maji na kulowekwa pipani walau mwezi mmoja, ikalainika kama siagi. Ya mfuko uliokaa wazi stoo hatuichukui. Imeshavuta hewa, haitashika. Ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga mkali uliochekechwa. Mchanga wa pwani una chumvi ile ile unayoikimbia. Kwa ukuta wa bafu tunaongeza nusu ndoo ya unga wa tofali la kuchoma.

Mashimo hujazwa kwanza kwa vipande vya mawe na chokaa. Ukuta unanyunyiziwa maji, halafu lipu inapigwa tabaka tatu, kila moja isizidi milimita 10 hivi, na wiki moja au zaidi kati yake. Magunia mabichi yananing'inizwa mbele yake lisiunguzwe na jua. Nyufa nyingi tunazoitwa kuzitazama zimetokana na tabaka nene au lililokauka kwa siku moja. Nyingine, kusema kweli, zimetokana na karai la saruji lililopenyezwa kwenye mchanganyiko "ishike upesi".

Rangi ni chokaa iliyochujwa, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, mmoja kwa siku. Ikiwa mbichi utadhani hakuna kilichopakwa. Weupe huja ikikauka.

Bei ya awali ni ya kuvua lipu tu, kwa sababu kabla ya hapo hakuna ajuaye hali ya mawe na boriti. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, hivyo kibali cha mamlaka ya hifadhi kitangulie. Unapotutumia picha, piga na upande wa pili wa ukuta, pamoja na choo kilicho juu yake.