Sanaa ya sauti isituzibe masikio

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita ilisifu sana kazi za sanaa ya sauti zinazowekwa viwanjani, vituo vya treni na kwenye kumbi za majengo ya umma, zile ambazo mpita njia akizigusa au akizisogelea zinatoa mlio. Mwandishi wenu akasema ni zawadi kwa sisi tusioona. Naipokea, ila nina masharti.

Mimi hutembea kwa fimbo na masikio. Ncha ya fimbo ikigonga sakafu, mwangwi unaniambia kama pembeni kuna ukuta, mlango wazi au ngazi zinazoshuka. Sasa niingize kwenye ukumbi wenye spika darini na vitambuzi vya mwendo vinavyomwaga milio ya ndege kila mtu anapopita. Wenye macho wanacheka, wanarudi nyuma ili ndege waimbe tena. Mimi nimeganda pale pale. Ngazi zimenipotea na lifti ikifunguka siisikii. Watu wakiniona nimesimama hivyo hudhani nimekolewa na sanaa!

Si zote ziko hivyo. Zadar, nchini Kroatia, tangu mwaka 2005 kuna ngazi za mawe zenye urefu wa mita 70 hivi zinazoshuka hadi baharini, kazi ya msanifu majengo Nikola Bašić. Ndani yake kuna mabomba 35. Wimbi likiingia, hewa inasukumwa na mabomba yanalia. Kazi hiyo haiwezi kunificha bahari, kwa sababu bahari ndiyo inayopuliza. Montreal, Kanada, nako, mwaka 2011, ziliwekwa bembea 21 zinazotoa noti za muziki zinapobembezwa, na watu wakibembea pamoja inazuka tuni ambayo mmoja hawezi kuitoa peke yake. Hapo nimekaa juu ya chombo chenyewe. Sihitaji kuelekezwa.

Lakini mwaka 1996 msanii Christopher Janney aliweka kazi yake katika kituo cha treni za chini ya ardhi cha 34th Street, New York. Unapunga mkono mbele ya vitambuzi vilivyo kwenye mhimili ulioning'inizwa juu ya jukwaa la abiria, nayo inakujibu. Ubunifu hodari, sikatai. Ila mhimili uko juu na fimbo yangu inapapasa chini, tena mahali ambapo sikio lina kazi ya kuisikiliza treni.

Kwa hiyo nawaomba wasanii na wanaowapa kibali: kazi isianze mpaka mtu ameamua kuigusa, maana kupita si kukubali kucheza. Sauti itokee kwenye kitu kinachoguswa, si darini. Sakafuni pawe na vigae vya vinundu vya kunifikisha hapo. Na kabla spika hazijafungwa, mwiteni mtu mwenye fimbo apite ukumbini mara mbili, kukiwa kimya na kukiwa na sauti.

Nanyi gazetini, mkimhoji msanii wa aina hii siku nyingine, mwulizeni kwa niaba yangu: nikiisikia kazi yako, nitajuaje mkono niuweke wapi?

Ni mimi,
Msomaji wenu asiyeona