Zimwi Lililojua Kiswahili

Mjomba, shikamoo.

Najua hupendi habari za televisheni, sembuse za vyombo vya angani. Leo nivumilie. Juzi usiku baridi ilikuwa kali, usingizi umenikataa, nikatazama kipindi cha kwanza kabisa cha Star Trek, tamthilia ya mabaharia wa angani, kurushwa Marekani, tarehe 8 Septemba 1966. Kinaitwa "The Man Trap", yaani mtego wa watu. Tangu hapo nabishana na wewe kichwani, basi bora nikuandikie.

Nahodha Kirk na daktari wake, McCoy, wanashuka kwenye sayari kame anakoishi profesa wa mambo ya kale na mkewe, Nancy. Zamani Nancy alikuwa mpenzi wa daktari. Daktari anamwona vilevile alivyomwacha, hajazeeka hata siku moja. Kirk anaona mama wa makamo mwenye mvi. Kijana waliyefuatana naye anaona binti aliyewahi kukutana naye kwenye sayari ya starehe. Wanawake watatu, na mwanamke hayupo! Nancy alishakufa. Aliyesimama pale ni zimwi, la mwisho wa jinsi yake, linaloishi kwa chumvi. Na likiikosa, linainyonya miilini mwa watu. Sisi tunasema mzee amekula chumvi nyingi, tunamheshimu. Hili nalo limekula, ila chumvi yenyewe ni ya wenzake.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya Nancy. Nakuandikia kwa ajili ya Uhura, ofisa wa mawasiliano. Jina lake ni neno letu. Mwigizaji, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba siku ya kujaribiwa alikuwa na kitabu chenye neno Uhuru jaladani. Neno likampendeza Gene Roddenberry, mbunifu wa tamthilia, wakalibadili irabu ya mwisho ili lilainike. (Naiona kalamu yako nyekundu inavyowasha.)

Sasa tazama walivyolipanga. Mapema, Uhura amekaa kazini, amechoshwa na masafa na mitambo, anatafuta mtu wa kuzungumza naye tu. Anamchokoza Spock, ofisa mwenzake mwenye asili ya sayari ya Vulcan: hebu niambie, kwenu Vulcan jioni inakuwaje mwezi ukiwa mpevu? Spock anamjibu kwamba Vulcan haina mwezi. Uhura anasema hashangai. Watu wanacheka hapo. Mimi sikucheka, maana najua jioni za namna hiyo.

Baadaye zimwi limeshapanda chomboni, linatembea koridoni kwa sura za watu. Linakutana na Uhura, linageuka kijana mweusi mtanashati, linamwambia: wewe ulikuwa unamfikiria mtu kama mimi. Kisha linamsemesha Kiswahili. Uhura anashtuka, anajibu, na uso unalegea kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana. Mgongo umegusa ukuta, mkono wa yule kijana unakaribia, naye hasogei. Anaponyoka kwa bahati tu.

Mjomba, katika chombo kile chote, anayemsemesha yule dada kwa Kiswahili ni yule anayetaka kumuua.

Unakumbuka uliponisindikiza uwanja wa ndege? Ulinishika mkono ukasema, huko uendako tafuta watu wa kwenu, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nikashika wosia. Wiki ya pili Birmingham, mtu akanisikia nikipiga simu, akaniita ndugu, akaniuliza habari za Chumbageni, kule Tanga, kana kwamba ametoka huko asubuhi ile. Nilikuwa sijasikia "umeshakula?" siku kumi na mbili. Nilimpa kodi ya miezi miwili ya chumba ambacho hakikuwapo. Sikukuambia. Nilimwambia mama kwamba pesa ziliishia kwenye vitabu.

Kwa hiyo juzi niliikagua methali yako pale kwenye skrini. Zimwi lile linakujua kuliko mama yako, linasoma mpaka unachokitamani, na ndiyo maana linakumaliza. Wewe utanijibu kwa mfano wa profesa: si aliishi nalo, akaligawia chumvi yake, likamwacha? Ni kweli, lakini mwishoni likamuua naye. Methali yako ilifaa mpaka dakika kama ya arobaini hivi, Mzee wangu.

Hata hivyo sikuweza kulichukia. Profesa analifananisha na nyati wa Marekani, waliojaa mbugani kwa mamilioni kisha wakapigwa wakabaki hadithi. Daktari analipiga risasi ya mwanga nalo likimbembeleza kwa sauti ya Nancy. Halafu Kirk amekaa kwenye kiti chake, Spock anamuuliza ana nini, anasema anawawaza wale nyati. Sijui yule ndugu wa Chumbageni naye alikuwa na njaa gani.

Nakuja Desemba, nitabeba kompyuta. Maneno yale ya koridoni nimeyarudia mara nne, matamshi yao yamenishinda, sikuambulia kitu. Sikio lako ndilo litakalojua. Nitaleta na pesa ya kurudishia vile vitabu vya mama.

Mkaza mjomba ananiambia daktari amekukataza chumvi kwa sababu ya presha, nawe unaificha kwenye kopo la tangawizi. Ameshaliona.

Mpwa wako.