Hivi unafanya nini siku nzima?

Lutoboka, Kalangala, Ziwa Viktoria, Uganda
Jumatano, katikati ya Novemba

Rehema mwenzangu,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, mvua tu ndiyo inatutia adabu. Natumaini goti la Hajati limepata nafuu, na Musa ameacha kuku kabla kuku hawajammaliza yeye.

Ile sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Miezi sita kimya, halafu unafungua kinywa: "We Zamzam, hivi hapo kisiwani unafanya nini siku nzima?" Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikanuna. Mara ya tatu nikatafuta kalamu, kwa sababu hapa wingu likipita tu mtandao nao unapita nalo, na jibu langu ni refu.

Chukua jana, Jumanne, uhesabu mwenyewe.

Saa kumi na moja alfajiri radi ilituamsha. Za huku hazibishi hodi. Mabati yanatetemeka, umeme unakwenda zake, nami najifunika shuka hadi kichwani kama mtoto. Kufika saa tatu jua limetoka, na ziwa limetulia kama mtu aliyegombana usiku kucha kisha anakuuliza chai iko wapi.

Wageni hapa hotelini kwetu: mmoja. Yule mpima ardhi wa Masaka, asiyekula chochote ila mayai. Vyumba kumi na vinne. Kumi na vitatu kazi yake kufungua madirisha mashuka yasivunde. Saa nne nimemaliza. Saa nne, Rehema! Desemba saa hizo huwa nimeshatukanwa na watu wanane, kila mmoja akidai chumba kinachotazama maji. Wewe ulikuja tarehe 26 Desemba, ukalala stoo juu ya magunia ya mkaa, muziki ukapigwa mpaka asubuhi, ukaapa hukanyagi tena. Sasa ndiyo unaniuliza nafanya nini hapa. Ulichokiona siku ile si Lutoboka. Ilikuwa Kampala imepanda meli.

Haya, saa nne. Nikachukua kiti nikaenda kukaa kando ya vile visiki vilivyobaki majini tangu ziwa lilipopanda mwaka 2020 likameza mchanga wetu. Viti vingine vyote vimepangwa juu kwa juu chini ya kibanda, isipokuwa kimoja ambacho tumbili amekifanya chake. Nakuapia. Wageni wakiisha, tumbili wanashuka kutoka msituni, na huyu mmoja mzee anakaa kitini, anatazama maji, anajikuna. Mzee Kizza, mlinzi wetu, anamwita Mkurugenzi. Jana Mkurugenzi alikunywa chai ya mpima ardhi, sukari na yote, na mpima ardhi akaomba radhi. Kwa tumbili!

Mchana nikapanda kwa Nalongo. Samaki ngege anayemuuza elfu arobaini siku za Krismasi, jana alinipa kwa elfu kumi na tano, na badala ya kunifukuza nipishe mteja mwingine aliketi tukala sote, akaongeza na muhogo. Nikamsimulia uliyoniuliza. Mzee Kizza akadakia (huyo haalikwi, anatokea) akasema mwambie huyo rafiki yako kisiwa hiki kimewahi kuwa kitupu kweli kweli: mwaka 1909 Waingereza waliwahamisha watu kwa sababu ya malale, wakapelekwa bara, na babu yake alipokuja kurudi alikuta shamba la migomba limekuwa msitu. "Huo ndiyo msimu usio na wageni," akasema. "Huu wenu ni usingizi wa mchana." Sikuwa na la kujibu. Tukacheza mweso, bao la Kiganda, akanila mara mbili. Mbegu sitini na nne ubaoni, na sijui zinakwendaje zote upande wake.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike, maana naona nimejificha kwenye samaki.

Binamu yako Swabra amenipigia. Kuna kazi duka la jumla, Kampala, karibu na kwake, anataka jibu Jumamosi. Mshahara kamili kila mwezi. Hapa tangu Septemba napokea nusu; bosi anasema subirini Desemba, na Desemba akilipa husema bado tunafidia Novemba. Najua hesabu, usinifundishe. Mama akinipigia huanza na ada ya shule ya Ali na kumalizia hapo hapo.

Lakini jana jioni nilioga ziwani (ndiyo, najua, kichocho, nitakunywa dawa) nikaelea chali, hakuna sauti hata moja ila yule ndege mwenye mdomo mkubwa anayelia kama punda. Wewe uliyekwenda Mombasa utasema hiyo si bahari, haina chumvi, haipwi wala haijai. Sawa. Nami nasema haichomi macho.

Halafu usiku mwezi ulikuwa mpevu. Siku za giza wavuvi wa mukene, dagaa wa huku, hujaa huko mbele na taa zao, ungedhani kuna mji majini. Mwezi ukiwaka hawatoki, mukene hawaifuati taa. Kwa hiyo jana wote walikuwa nchi kavu, wamenyoa, wanatembea na wake zao barabarani kama Idi. Nao wana msimu wao mbovu, kila mwezi, na sijasikia mtu akiwauliza wanafanya nini siku nzima.

Naona aibu kidogo kukwambia kwamba nilifurahi. Nusu mshahara, na nilifurahi. Hilo ndilo siwezi kumwambia Swabra, wala Mama.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, muulize Swabra, kwa ulimi wako ule wa asali, kama wanaweza kungoja hadi Januari. Usimwambie habari za mwezi na wavuvi. La pili, njoo, kabla shule hazijafungwa. Meli inaondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana. Kama bado unaogopa maji marefu tangu ajali ile ya Mukono mwaka 2018, zungukia Masaka ushuke Bukakata. Feri ya pale ni bure na hata hujamaliza karanga zako umefika Luuku, huku kisiwani. Niletee gurusa za Habuba, ile mikate yake, zifunge kwenye kitambaa, si kaveera ya plastiki, zinatoa jasho.

Na wewe je? Umehama kule kwa mama mwenye nyumba au bado anahesabu ndoo zako? Yule mwalimu alirudi kuposa au maneno tu? Kwa nini ulinyamaza miezi sita, nilikukosea nini? Ni yale magunia ya mkaa? Ungekuwa mimi, Jumamosi ungejibu nini? Na ukija, utaweza kweli kukaa siku nzima bila kufanya kitu?

Mkurugenzi anakusalimu.

Wako,
Zamzam