Balozi haokotwi njiani

Mhariri,

Kila nikisoma habari za Bahari ya Shamu, meli kushambuliwa na Ethiopia kutaka bandari, namkumbuka bosi wangu. Miaka ya 1990 nilikuwa mchapaji katika ubalozi mmoja Addis Ababa. Yeye alikuwa mwanadiplomasia wa kazi, aliyeanzia ngazi ya chini kabisa.

Somo lake la kwanza kwangu lilikuwa saa. Wahabeshi huhesabu saa kama sisi, kuanzia kunapokucha, kwa hiyo nilijiona mwenyeji. Mzungu mmoja aliyeambiwa aje saa mbili alitokea saa nane mchana, watu wameshaondoka. Kalenda yao ndiyo ilinitesa: miezi 13, nayo iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Kila barua alitaka niandike tarehe zote mbili.

Mei 1998, Ethiopia na Eritrea zilipopigana Badme, mpakani mwao, wengi ofisini walishangaa: vita vya kijiji cha vumbi? Bosi alituambia tutazame pesa. Eritrea ilikuwa imetoa sarafu yake, nakfa, miezi michache tu nyuma, na biashara kati yake na Ethiopia, inayotumia birr, ikavurugika. Kisha akatuonyesha Assab kwenye ramani, bandari ya Eritrea iliyokuwa ikipokea mizigo ya Ethiopia. Vita vilipoifunga njia hiyo, mizigo ikahamia Djibouti. Leo Djibouti ina kambi za kijeshi za Ufaransa, Marekani, Japani, Italia na, tangu 2017, China, karibu na Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, ambao upana wake haufiki hata kilomita 40. Wageni huziona kambi tu. Yeye angeanza na makontena.

Alikuwa pia na kadi. Nani alipigana msituni na nani dhidi ya Mengistu, mtawala wa Ethiopia aliyepinduliwa 1991, nani alisoma na nani, nani hasalimiani na nani. Nilizichapa mimi, masanduku mawili. Viongozi wa pande zote mbili za vita vile walikuwa wamepigana pamoja dhidi ya utawala wa Mengistu hadi mwaka huo, na ugomvi wa ndugu, Mhariri, hausuluhishwi kwa hotuba za mgeni.

Mkataba wa Algiers, wa kumaliza vita hivyo, ulisainiwa Desemba 2000. Muda mfupi baadaye bosi akahamishiwa Ulaya. Aliyekuja baada yake alikuwa muungwana, hilo nalisema, ila hakuwahi kufanya kazi Pembe ya Afrika, na wawili hao hawakukaa pamoja hata wiki moja. Aprili 2002 tume ya mpaka ikaipa Eritrea Badme, Ethiopia ikagoma kuondoka, na mkwamo ukadumu hadi 2018. Siku ya uamuzi mkuu mpya aliniita: “Hii Badme iko wapi?”

Naomba wanaoteua mabalozi wampe anayeingia angalau miezi mitatu pamoja na anayetoka. Zile kadi mara ya mwisho niliziona stoo, chini ya riboni za taipu.

Mchapaji mstaafu