Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Njia ya Sampuli na Njia ya Majibu

Ndugu wanachama wenzangu wa maabara za Nyanda za Juu Kusini,

Naomba nianze na kikopo cha makohozi. Mwezi Machi, mvua za Rungwe zikiwa zimepamba moto, nilikuwa katika maabara moja ya wilaya alipoingia kijana wa bodaboda na kisanduku cha baridi, tope limemfika magotini. Ndani mlikuwa na kikopo kimoja, kimefungwa vizuri, lakini fomu yake ilikuwa imelowa hata jina la mgonjwa halisomeki. Ilibidi ipigwe simu kwenye zahanati iliyoituma, na muuguzi wa zamu akaeleza kwamba kikopo kilikaa kwao siku nne kikisubiri vingine ambavyo havikupatikana, kwa sababu hakuna anayelipa nauli ya bodaboda kwa ajili ya sampuli moja.

Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hutoa jibu la kifua kikuu kwa muda usiozidi saa mbili, na papo hapo huonyesha kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, jambo ambalo kwa njia ya kuotesha vimelea huchukua wiki kadhaa. Mgonjwa yule alipata majibu siku ya tisa. Saa mbili zilikuwa za mashine. Siku nyingine zote zilikuwa zetu, na ndiyo maana mwaka huu kamati yenu ilishughulika zaidi na barabara, fomu na simu kuliko mashine zenyewe. Fomu sasa husafiri ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na kikopo, na namba ya sampuli huandikwa kwenye kikopo chenyewe, si kwenye kifuniko.

Kuhusu gharama, mnakumbuka kwamba Septemba 2023 kampuni ya Cepheid, inayotengeneza GeneXpert, ilishusha bei ya katriji ya kifua kikuu, yaani kikasha cha kipimo kinachoingizwa kwenye mashine, kwa nchi zenye kipato cha chini na cha kati kutoka dola 9.98 hadi dola 7.97. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini huyeyuka mara moja umeme unapokatika kipimo kikiwa katikati, kwa kuwa katriji iliyokwisha kuanza kazi haiwezi kurudiwa. Naomba kila kituo chenye mashine kikague betri zake kabla ya mvua kuanza, wala kisisubiri fundi aitwe baada ya hasara.

Kwa wenzetu wa Kyela, ambako malaria ina uzito kuliko huku kwenye baridi ya Mbeya, kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidoleni kimekuwa msaada mkubwa, ila foleni inapokuwa ndefu hujitokeza tabia ya kusoma jibu kabla ya muda ulioandikwa na mtengenezaji. Mstari hafifu unaweza kuchelewa kujitokeza. Tukumbuke pia kwamba vipimo vinavyotafuta HRP2, protini inayotolewa na vimelea vya malaria, vinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kutibiwa na kupona, kwa hiyo anayerudi na homa upya anastahili hadubini.

Lipo jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi yenu. Kipimo cha Widal, kinachotumika kwa taifodi, ni cha haraka na cha bei nafuu, na mteja hukiomba kwa jina, lakini hupima kingamwili, ambazo zinaweza kuwa za maambukizi ya zamani au za chanjo. Majibu yake tukiyatoa bila maelezo, mtu anameza antibiotiki za taifodi ilhali ugonjwa wake ni mwingine. Kuotesha damu ni polepole na ni ghali, nakiri, lakini huo ndio ushahidi.

Habari za fedha nimemwachia mweka hazina, ambaye hesabu zake zimekaguliwa.

Kamati inawaletea pendekezo moja: sehemu ya ada ya mwaka itengwe kulipia nauli ya bodaboda pale zahanati inapokuwa na sampuli moja tu ya kifua kikuu, kwa utaratibu wa majaribio utakaoanzia Rungwe na Makete. Wapo wanaosema nauli hiyo si wajibu wa chama, na wana hoja. Mjadala utafunguliwa baada ya chai, kisha tutapiga kura kwa kunyoosha mikono.