Barua kwa mwanangu: joya, siki na mbarika

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo. Nyanyako amepoa homa, na kila siku aniuliza utakuja lini.

Simu yako ya juzi ilininyima usingizi. Ulisema msimamizi wako wa utafiti ataka uache kuchunguza mimea uhamie kwa bakteria, nawe waona kama wanisaliti mimi niliyeshinda miaka 28 na mbegu. La hasha, mama.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, nyanyako akapasua moja iliyokwisha chipua. Ndani hamna maji, mna joya limejaa tele. Nikalila, tamu! Nikamuuliza: nyama ya nazi ni mafuta matupu, utamu huu watoka wapi? Akasema, "Muulize aliyeiumba." Sijaacha kuuliza tangu siku ile.

Chuoni nikaja kujua kwamba waliojibu swali la mbegu za mafuta hawakuanza na mmea. Hans Kornberg, aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939 akiwa mtoto akaingia Uingereza, alikuwa akichunguza bakteria wawezao kuishi kwa asidi ya siki peke yake. Siki, mama, hii tutiayo kwenye kachumbari! Hawapewi sukari wala protini, na bado wajenga mwili mzima. Hesabu ilikataa. Ule mzunguko wa seli kuvunja chakula, alioueleza mwanabiokemia Hans Krebs mwaka 1937, huchukua kaboni 2 za siki, kisha hutoa kaboni 2 kama hewa ya kaboni dioksidi. Basi mwili wajengwa na nini? Mwaka 1957 Kornberg na Krebs wakaonyesha kichochoro: vimeng'enya viwili (vichocheo vya kazi za seli), isositreti liasi na maleti sinthesi, vinavyozipita pembeni zile hatua mbili kaboni inapopotelea.

Mwaka uo huo Kornberg akashirikiana na Harry Beevers, mtu wa mimea, wakakitafuta kichochoro hicho kwenye mbegu za mbarika zinazochipua. Kipo. Ndivyo mche wa mbarika unavyogeuza mafuta yake kuwa sukari kabla haujapata jani la kujilishia kwa jua. Mwaka 1967 Beevers na mwenzake Breidenbach wakakitambua hata chumba chenyewe ndani ya seli, wakakiita glioksisomu. Mwili wangu na wako hauna.

Nami nikaipenda mbarika, huu mti uotao majaani bila kupandwa na mtu. Miaka yangu imeishia kusaga miche yake kwenye kinu kilichozungukwa na barafu, kwa sababu vimeng'enya vikipata joto hufa mkononi. Mwaka wa nne umeme ulikatika Ijumaa jioni, jenereta haikuwashwa na mtu, na Jumatatu nikafungua friza nikakuta kazi ya miezi 14 imeoza. Nililia. Jumanne nikaloweka mbegu nyingine. Hayo sijapata kukwambia, kwani ulikuwa mdogo na nilitaka uipende kazi hii kwanza.

Sasa, hao bakteria. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwa panya kwamba vijidudu vya kifua kikuu hutegemea isositreti liasi ili vidumu mwilini, maana humo vyaishi kwa mafuta. Ni kimeng'enya kile kile nilichokuwa nikikipima kwenye mbarika! Na kwa kuwa binadamu hatuna, wengi wametafuta dawa ya kukiziba. Wamjua ami yangu aliyekohoa mpaka akafa. Nimesoma habari hizo mara nyingi nikimkumbuka yeye. Ukienda huko utakuwa umeingia chumba cha pili cha nyumba ile ile.

Linalonitia wasiwasi ni jingine. Tulizungumza karibu saa nzima, ukanitajia msimamizi, ufadhili, na wenzako waliokwisha chapisha makala. Hukuniambia wewe mwenyewe wataka kujua nini. Usinijibu kwa simu. Kaa nalo, hata miezi miwili, na msimamizi mwombe subira; akiwa mtu wa sayansi ataelewa.

Kiwandani hapa uani kwetu, karibu na birika la maji, nimeweka nazi moja. Imetoa chipukizi la urefu wa kidole. Nyanyako ataka tuipasue leo nami nimekataa, yakungoja uje Maulidi.

Mamako